Kichanja cha Vyuma vya Neema

Ni mwaka huu huu ambao hapa kwetu Maisaka tulikula viazi vitamu asubuhi na jioni, maana mahindi yaligoma. Mjukuu wangu Neema, nesi mzima, alileta vyuma viwili vya mazoezi, vile ambavyo uzito wake huongezwa na kupunguzwa, kila kimoja na kitako chake, akavilaza sebuleni. Nikajikwaa mara mbili.

"Nitamwita fundi avitengenezee stendi, Bibi."

"Fundi simtaki. Mikono ninayo."

Vichanja vya vyombo nimejenga tangu usichana. Neema alipoenda kazini nikainua chuma kimoja: chepesi kama kikombe cha uji! Kumbe alikuwa amekipunguza uzito, vipande vyote vizito vimebaki kwenye kitako chake, nami nikadhani kitako ni kisanduku tu. Nikakata vijiti, nikafunga kichanja kwa kamba ya katani.

Kesho yake jumuiya ikaja kusali kwetu. Neema akabeba vyuma na vitako vyake, akaviweka juu ya kichanja.

"Kitahimili, Bibi?"

"Kitahimili hata ng'ombe!" nikajibu kwa sauti, kina mama wote wasikie.

Tukafumba macho. Mimi nikaacha jicho moja wazi, maana kamba ilikuwa inalia. Nikakaa, nikainuka, nikakaa tena.

"Bibi Neema, umekalia siafu?" Mama Paulo akaninong'oneza.

Hapo kichanja kikapiga magoti kuliko sisi wote. Vyuma vikaanguka kwa kishindo, sufuria ya viazi vya wageni iliyokuwa kando ikapinduka.

"Amina!" akapiga kelele Mama Paulo, na sala haijafika nusu. Kicheko kikajaa nyumba.

Neema akashika simu. "Bibi, sasa nimwite fundi?"

Nikaokota kijiti kilichovunjika.

"Fundi simtaki. Mikono ninayo."