Yowe Lililoishia Korongoni

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, na bado inanishtua. Nilikuwa kijana hapa Nkowe, mdomo mrefu kuliko akili. Korosho zilikuwa zinaibwa majumbani, na kwenye mkutano mimi ndiye niliyesimama wa kwanza: wageni waliotoka Msumbiji wahamie ng'ambo ya korongo, wakae peke yao. Sikuishia hapo. Nikasema yowe likipigwa kwetu, atakayevuka kutoka kwao tutamhesabu ndiye mwizi. Watu wakanipigia makofi, wageni wakahamishwa, nami nikajiona mwanaume kweli.

Msimu uliofuata, saa sita mchana, wote tuko mashambani, mama alibaki peke yake akianika korosho. Wezi wakaingia uani. Mama akapiga yowe, akapiga tena. Sisi tulikuwa mbali, hatukusikia kitu.

Niliporudi nilimkuta amelala kwenye jamvi tupu, mkono umevunjwa kwa rungu. Nikachukua panga, nikatoka mbio kwenda kuwakomesha wale wa ng'ambo. Nikawakuta wamesimama ukingoni kwao, wanaume kwa wanawake, wanatazama kwetu. Kumbe walikuwa hapo tangu yowe la kwanza. Mzee Anjelo, aliyekuwa jirani yetu kabla sijamhamisha, nikamwuliza kwa ukali kama hakusikia.

"Tulisikia, mwanangu," akasema. "Mama yako aliniita kwa jina. Lakini si ulisema atakayevuka ndiye mwizi?"

Nikashusha panga, nikarudi kwa mama.

Wezi walikamatwa kesho yake: vijana wawili wa upande wetu, mmoja tulitoka naye jando moja. Wala hawakuficha. Walisema tangu wageni wahamishwe, kuiba mchana kulikuwa rahisi, maana nyumba zilizokuwa zikituangalia hazipo tena.

Mkono wa mama haukunyooka. Aliokota korosho kwa mkono mmoja mpaka tunamzika, na hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Sasa nasikia na nyie mnataka wageni waliokuja kuchimba machimboni wapewe viwanja vyao mbali huko, eti mlale salama. Nakuomba, mwanangu, usiweke saini kwenye ombi hilo. Wapeni viwanja katikati yenu, mjue majina yao, nao walijue jina la mama yako. Mungu akujalie majirani wa karibu, na siku utakayopiga yowe, asiwepo wa kusimama ukingoni.