Vidosava Hangoji Theluji Iyeyuke

"Mlima huu naujua hata nikifumba macho," anajigamba Vidosava Bulajić, kopo la rangi mkononi. Kisha anacheka. "Ila mwaka jana niliyafumbua yote mawili, na bado nikapotea saa tatu."

Ni saa kumi na mbili asubuhi, mwanzoni mwa Mei, kwenye chemchemi ya mwisho kabla ya Sedlo, upenyo ulio kati ya vilele viwili. Huko juu theluji bado imelala.

Vidosava, miaka 67, huchora alama za njia: duara jekundu lenye kitovu cheupe, juu ya jiwe, ili mgeni mwenye begi mgongoni asipotee ukungu ukishuka. Kila mwaka theluji huporomoka na mawe yake, alama zikaenda nayo. Klabu ya wapanda mlima humlipa yuro 25 kwa siku.

"Hazitoshi dawa ya goti," anasema. "Lakini nyumbani nikafanye nini, nihesabu kuku? Ninao watatu."

Goti hilo lilipasuliwa Novemba. Mwenyekiti wa klabu, Vukota, mtoto wa kaka yake, akampa sharti moja: asivuke chemchemi peke yake kabla theluji haijaisha. Akivuka, brashi anapewa mwingine.

Basi Vidosava anakaa. Anasimama. Anakaa tena. Anakata jibini, analifunga tena. Juzi wasafiri wawili walirudi kutoka juu wamelowa hadi kiunoni, hawakuona alama hata moja. Kesho wanakuja sita.

Na kuna sanduku la bati huko Sedlo, lenye daftari na muhuri kwa kila afikaye. Miaka thelathini na mmoja, wa kwanza kulifungua ni yeye. Muhuri huujaribu kwanza kiganjani, asije akachafua ukurasa.

"Naenda hadi msonobari ule tu," anasema, "kunyoosha mguu."

Msonobari unapitwa bila salamu. Kwenye theluji anachimba ngazi kwa kisigino, hatua moja, pumzi mbili, goti likimtukana njia nzima. Kila jiwe lililochungulia analipaka.

Saa nane mchana yuko tena chemchemini, anamweleza mwandishi wa makala haya kwamba anataka kuchora hadi atimize sabini, ndipo gari la Vukota linasimama.

"Shangazi, rangi iko wapi?"

"Imemwagika."

"Kopo zima?"

"Kopo bovu. Si mlinunua ninyi?"

"Umevuka."

"Nivuke na goti hili? Nimekaa juu ya jiwe hili tangu asubuhi, mpaka limepata joto!"

Vukota analigusa jiwe. Anaupangusa mkono kwenye suruali.

"Limepoa sasa hivi, ulipofika," anasema Vidosava. "Una baridi wewe, kama marehemu baba yako."

"Basi apa, shangazi."

"Mbele ya Mungu na mlima huu!" Anainua kiganja cha kulia, juu kabisa, wote wakione.

Katikati yake, kwa wino wa buluu ambao haujafutika, pameandikwa: SEDLO.