Mzee Asiyeitikia Salamu

Namshukuru Mungu kwa aibu aliyonipa juzi. Jirani yangu Kibena, wa hapa Mlali, aliyejifunza mwenyewe kutengeneza wanasesere, alikuwa anatengenezewa filamu kuhusu ufundi wake. Aliogopa watazamaji wataidharau kazi yake, akaniita nimwombee dua.

Barazani kwake nikamkuta mzee ameketi, kanzu na kofia safi. Nikamsalimu mara mbili, kimya. Nikakereka.

“Ndugu yangu, kuitikia salamu ni wajibu! Au hukupita madrasa?”

Nikamgusa bega. Akaanguka chali, majani makavu ya mgomba yakamtoka shingoni.

Nyuma yangu Kibena alicheka mpaka akakaa chini. “Shehe, Mungu akulipe! Sasa nani atasema sijui kazi?”

“Shikamoo, shehe,” akasema binti aliyeshika kamera. “Tumerekodi yote, tangu salamu ya kwanza.”