Kahawa Nyuma ya Mlima

Tulikuwapo mimi, wadogo zangu wawili, ami na jirani yetu wa Maskati. Harufu ya iliki hunirudisha kwenye majlisi ile, sebule ya wageni ya ami, nyuma ya milima, baada ya kuzika wazee wetu. Ami alitaka kubaki na wadogo, mimi nirudi Maskati.

“Tangu falme za kale mlima huu umetenga watu wa pwani na wa ndani. Watoto watazoea,” akasema ami.

Jirani akaweka chini kikombe cha kahawa ya iliki. “Siinywi mpaka unipe haja yangu. Watoto warudi pamoja.” Kule, mgeni asipoigusa kahawa, aibu ni ya mwenyeji.

Ami akacheka. “Mzanzibari wewe, nani kakufunza mila zetu?”

“Nyinyi wenyewe, sheikh. Inapoa hiyo.”

“Haya, wachukue. Kunywa!”

Tulirudi pamoja. Jirani hajawahi kuniomba kitu. Deni lake bado nnalo.