Jibu la Kipimo na Gunia la Nguo

Mwanangu, nakumbuka siku moja nikiwa na miaka thelathini na mbili, nikifunga maua kwenye shamba moja huko Isinya. Nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilitaja naona haya kidogo. Lakini nitalitaja.

Wauguzi walikuwa wamekuja kazini kupima akina mama mlango wa kizazi. Nilipimwa kwa sababu wenzangu walikuwa kwenye foleni, basi. Sikuwa naumwa popote. Baada ya wiki kadhaa nikaitwa kliniki, Kitengela, kuchukua majibu. Muuguzi aliyenipokea, Sista Akinyi, mama wa makamo asiyependa kuzungusha maneno, akaniambia seli zangu zimeanza kubadilika. Kwenye hadubini zilionekana zina viini vilivyovimba, vimezungukwa na duara jeupe. Hiyo, akasema, ni alama ya kirusi kinachoitwa HPV.

"Ni kansa?"

"Bado. Tukiacha, inaweza kuwa. Urudi wiki ijayo tuangalie vizuri na tutibu."

"Na hicho kirusi hutoka wapi?"

"Huambukizwa watu wakilala pamoja."

Baada ya hapo sikusikia neno lingine. Mume wangu, Saitoti, alikuwa dereva wa lori, Namanga kwenda na kurudi, na unajua vile watu husema juu ya madereva. Nilifika nyumbani nikajaza nguo zake kwenye gunia, nikaliweka nje ya geti. Aliporudi nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akaapa. Sikumwamini. Akaenda kukaa kwa ndugu yake, na mimi, kwa hasira tu, sikurudi kliniki. Miezi saba.

Sista Akinyi alinikuta sokoni nikichagua nyanya, akanivuta kando.

"Mama Sein, mbona hukurudi?"

Nikamweleza yote: lori, Namanga, gunia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiki kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka mingi, kimya. Kipimo hakisemi ni nani alikileta, wala lini. Wewe mwenyewe, kabla ya kuolewa, hukuwa na mtu?"

Kweli. Nilikuwa naye. Saitoti hakuwahi kuniuliza.

"Umekazana kutafuta mwenye makosa, na ugonjwa unaendelea na kazi yake," akasema. "Kesho asubuhi nakungoja."

Nilimpigia Saitoti simu nikamwambia naenda kutibiwa, nikaenda. Seli zilikuwa zimebadilika zaidi, ila hazikuwa zimefikia kansa. Wakazigandisha kwa baridi kali. Tumbo likakaza kama siku za mwezi, kisha likatulia. Nilipotoka, Saitoti alikuwa kwenye benchi. Nikamwambia nilimkosea. Nikamwambia na habari ya yule wa zamani. Akainuka, akasema, "Twende nyumbani." Kunisamehe kabisa kulichukua muda, na sikumharakisha.

Kwa hivyo, mwanangu, nenda upimwe hata kama huumwi, maana seli hubadilika bila maumivu. Ukiambiwa urudi, rudi. Binti yako akifika umri wa chanjo ya kirusi hiki, mpeleke. Na ukipewa jibu kama langu, usimhukumu mtu kwa karatasi hiyo. Jitibu kwanza, halafu mketi chini muongee.

Enkai, Mungu wetu, akulinde mwili wako, akupe moyo wa kuuliza na subira ya kusikiliza, na akuzeeshe katikati ya watu wako.