Mluzi wa Baba

Juzi, kwenye redio ya Kasongo ninakosoma habari, fundi wetu alikuwa anasafisha mahojiano kwa kompyuta. Alififisha upepo, jenereta, hata sauti za watu, mpaka akabakiza mlio mmoja mwembamba uliokuwa unamsumbua: fiiii.

Mlio huo niliusikia utotoni Kabambare, kwenye nyumba ya foni, ile redio ya kuitana na watu wa mbali. Mule ndani mlinuka asidi ya betri. Baba alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na mama aliniambia tunaenda kumsikia. Foni ilikoroma kama mvua juu ya mabati. Ndani ya kelele hizo ukatokea mluzi, kama ule baba aliokuwa akitupigia anaporudi na kinga yake, baiskeli kuukuu, angali mbali njiani.

“Mama, ni baba!” Nikapiga makofi. “Iko anatuita!”

Katika kelele zilezile mama alikuwa ameshika maneno: shimo limeanguka, na baba alikuwa ndani. Akakaa chini, pale pale udongoni, nami nikaendelea kuuitikia ule mluzi kwa furaha.

Leo najua ulikuwa mlio wa mashine tu.

“Dada, hii sauti niitoe?” fundi akaniuliza.

“Hapana,” nikamwambia. “Umuache.”

Akacheka. Alidhani ulimi wangu umeteleza.