Mfuko wa Shati la Buluu

Sikukuu ya mafundi wa karakana ile ya kushona ilianzia kwenye msiba. Bi Mkasi alipomzika mwanawe, alikata mfuko wa shati lake la shule la buluu, akautundika juu ya cherehani. Wenzake wakatundika vitambaa vyao kumliwaza, na kila mwaka siku hiyo wakaongeza vingine.

Leo wageni walipouliza asili yake, shoga wa Bi Mkasi akadakia, yule yule aliyemshikia shati siku ile alipokuwa akikata mfuko.

“Nilianza mimi, jamani! Kile cha buluu nilikikata kwenye pazia langu, kuchangamsha watu tu.”

Makofi yakalia. Bi Mkasi akainua macho kuutazama ule mfuko juu ya cherehani.

“Si ndiyo, dada?” shoga akamgeukia, meno yote nje.

“Hebu niambie, shoga,” akasema Bi Mkasi, “pazia lako lilikuwa na mfuko wa kalamu?”